Nishani Huanzia kwenye Kalamu

Vita ya Vietnam wengi wetu tumeijua kwa filamu. Rambo kifua wazi, bunduki mkononi, risasi haziishi. Leo, ndugu msomaji, tumwache Rambo apumzike. Tuwatazame watu wanne ndani ya helikopta yenye msalaba mwekundu, isiyofungwa bunduki ya rashasha hata moja, ikishuka pale ambapo kila mwenye akili timamu anapakimbia. Mbele wamekaa rubani na msaidizi wake. Nyuma yupo fundi wa ndege, na kando yake tabibu wa jeshi na mkoba wake wa bandeji na mofini. Kwenye redio waliitwa Dustoff, jina lililoanza kutumika mwaka 1963, nalo liliwafaa kweli kwa vumbi walilotimua kila walipotua.

Mwaka 2024 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwatunuku watu hao Medali ya Dhahabu ya Bunge, na Rais Joe Biden akatia saini. Hiyo ni heshima kongwe. Wa kwanza kupewa alikuwa George Washington, mwaka 1776. Lakini piga hesabu. Majeshi ya Marekani yaliondoka Vietnam mwaka 1973. Ni miaka 51! Kwani watu hawa walikuwa wamejificha wapi?

Hawakujificha. Tuanze mbali kidogo ili tuelewane.

Helikopta ya kijeshi ilianza kuokoa majeruhi vitani mwezi wa Aprili 1944, huko Burma. Luteni mmoja Mmarekani, Carter Harman, aliwatoa msituni watu wanne kwa kijihelikopta kilichokuwa na uwezo wa kubeba abiria mmoja tu, hivyo akawa anakwenda na kurudi. Ni Burma hiyohiyo ambako babu zetu wa Keya walipigana mwaka huohuo, na majeruhi kwa kawaida alibebwa kwa machela, mwendo wa miguu, tope hadi magotini. Katika vita ya Korea, helikopta zilikuwa nyingi zaidi lakini bado ndogo. Majeruhi alifungwa nje, ubavuni mwa chombo, na akianza kukata roho njiani hakuna mkono wa kumfikia.

Vietnam ndiko mambo yalikobadilika. Helikopta ya Huey ilikuwa na nafasi ya kuwalaza majeruhi ndani, na tabibu akapata mahali pa kupiga magoti. Matibabu yalianza hewani.

Kikosi cha kwanza cha kazi hiyo, namba 57, kilifika mwaka 1962 kikiwa na helikopta 5. Mwanzoni mwa 1964 kiliongozwa na Meja Charles Kelly. Wakubwa wake walikuwa na mpango mwingine. Walitaka helikopta hizo zifanye kazi yoyote ya jeshi, na misalaba myekundu iwe ya kubandika na kubandua. Ukitaka kubeba majeruhi, bandika. Ukitaka kubeba risasi, bandua. Kelly alikataa, na njia yake ya kukataa ilikuwa kufanya kazi mpaka asipatikane mtu wa kusema kuwa helikopta zake zimekaa bure. Usiku, peke yake na wenzake watatu, aliizunguka delta ya mto Mekong akipiga redio kituo hadi kituo: mna majeruhi?

Tarehe 1 Julai 1964, karibu na Vinh Long, aliambiwa na waliokuwa chini aondoke haraka maana adui yuko karibu mno. Akajibu kwamba ataondoka atakapokuwa amewapata majeruhi wao. Risasi ikapita kwenye mlango uliokuwa wazi, ikamwingia moyoni. Baada ya hapo hoja ya kubandika na kubandua ilizimika, na jibu lake likawa kiapo cha marubani waliomfuata.

Mmoja wa waliojifunza kwake, Patrick Brady, aliokoa majeruhi 51 kwa siku moja, tarehe 6 Januari 1968, akibadilisha helikopta tatu kwa jinsi zilivyotobolewa. Rubani mwingine wa Dustoff, Michael Novosel, mzee wa Vita Kuu ya Pili aliyekubali kushushwa cheo ili mradi aruke tena, aliwatoa askari 29 wa Vietnam Kusini tarehe 2 Oktoba 1969. Wote wawili walipata Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote za ushujaa nchini mwao. Walistahili.

Ila, msomaji, umewaona? Wote marubani. Nyuma ya rubani kulikuwa na nani?

Hapa ndipo ninapotaka tukae kitako. Ushujaa peke yake hauleti nishani. Nishani huanzia kwenye karatasi: lazima awepo mtu aliyeona, awe hai, ajue jina la aliyemwona, kisha aketi na kuandika. Aisifuye mvua imemnyea. Je, kama walionyewa wamekufa wote?

Chukua kisa cha Sajini Louis Rocco. Ujanani alikuwa mtoto wa mtaani aliyeponea chupuchupu kufungwa jela, jeshi likamchukua, akawa tabibu. Tarehe 24 Mei 1970 alijitolea kupanda helikopta iliyokwenda kuchukua majeruhi wanane wa Vietnam Kusini. Ikapigwa, ikaanguka, ikawaka. Rocco, kifundo cha mkono kimevunjika, nyonga imevunjika, aliwavuta wenzake watatu kutoka motoni huku mikono ikiungua, na akawabeba mmojammoja mita 20 hivi za uwanja mtupu chini ya risasi. Karatasi za kumpendekeza zikapotea. Hivihivi, kama barua inavyopotea ofisini! Mmoja wa wale aliowaokoa hakukubali, akahangaika hadi yakaandikwa upya, na Rais Gerald Ford akamvisha Rocco Nishani ya Heshima mwezi wa Desemba 1974. Bila shahidi yule mkaidi tusingekuwa na kisa.

Sasa fikiria wasiokuwa na shahidi. Dustoff walibeba watu wapatao 900,000, wakiwemo Wavietnam wengi, askari na raia. Helikopta za majeruhi ziliangushwa mara tatu na zaidi ya helikopta nyingine. Kati ya marubani wao 1,400 hivi, theluthi moja waliuawa, walijeruhiwa au waliumia katika ajali. Majeruhi aliyezinduka hospitalini alijuaje jina la kijana aliyemkaba mshipa wa damu gizani, kelele za pangaboi masikioni?

Yuko atakayesema: vita yenyewe ilikuwa ya dhuluma, iliua Wavietnam kwa mamilioni, nishani za nini? Sibishani naye kuhusu vita. Lakini aliyeshuka kuchukua watu na aliyeshuka kuua watu si mmoja, na historia isiyoweza kuwatofautisha ni historia ya uvivu.

Medali ya 2024 imejaribu kulipa deni kwa kuwapa wote kwa pamoja, rubani na fundi na tabibu. Ni vyema. Hata hivyo Rocco alikwisha kufa mwaka 2002, na Novosel mwaka 2006. Na heshima ya wote kwa pamoja haitaji jina la mtu.

Ninyi mnaotaka kuwa waandishi kama mimi, kazi yetu iko hapo. Hapa kwetu bado wapo wazee waliowahi kwenda vitani, na wapo waliowabeba wengine. Nenda kamuulize mzee nani alimbeba. Akitaja jina, liandike leoleo.