Mchungaji David Simonson na Kazi ya Kuchangisha kwa Ajili ya Shule na Hospitali

Historia ya shule na hospitali katika eneo la Mlima Meru huwakumbuka wahubiri, walimu na madaktari. Ni mara chache huwataja waliotafuta gharama ya saruji na mabati. Mmoja wao ni marehemu Mchungaji David Simonson, Mmarekani aliyefika Tanganyika mwaka 1956 pamoja na mkewe Eunice, aliyekuwa muuguzi, wakatumika hasa miongoni mwa Wamaasai.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 watoto waliotaka kusoma walikuwa wengi kuliko nafasi zilizokuwapo. Mwaka 1965 Mchungaji Simonson alianzisha shirika la Operation Bootstrap, jina litokanalo na msemo wa Kiingereza wenye maana ya mtu kujiinua kwa juhudi zake mwenyewe. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: wazazi walichimba msingi, wakafyatua matofali na kutoa nguvu kazi, fedha za wafadhili zilinunua vile visivyopatikana kijijini. Hivyo, miaka miwili kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kujitegemea kulikwisha kuonekana katika kuta za madarasa. Huko Minnesota, washarika walioombwa kutoa walijua kwamba mzazi wa hapa ametangulia kutoa jasho lake.

Wala tusidhani kwamba uchangishaji uliletwa na wageni. Mwaka 1951 Wameru walipoondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngarenanyuki, walichanga fedha zao wenyewe, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini watu walijifunza nguvu ya kuchanga pamoja.

Mwaka 1995 ilifunguliwa Shule ya Sekondari ya Kilutheri ya Wasichana wa Kimaasai, Monduli. Kazi hii ilikuwa ngumu zaidi. Darasa likiisha kuezekwa hudumu miaka mingi. Bali msichana aliyeepushwa na ndoa ya mapema huhitaji ada, chakula na vitabu kila mwaka hadi amalize. Mfadhili alipaswa kuombwa tena na tena, naye apewe taarifa ya kweli.

Kwa upande wa tiba, Hospitali ya Selian, Ngaramtoni, ilihudumia vijiji kwa miaka mingi. Dkt. Mark Jacobson, aliyetumika hapo tangu miaka ya 1980, aliongoza juhudi za kujenga hospitali ya ALMC mjini Arusha, na Operation Bootstrap ilisaidia kuitafutia fedha. Hapa pia jengo lilikuwa mwanzo tu, kwa maana dawa, mishahara na matibabu ya wasio na uwezo hudai fedha kila mwezi.

Ndipo linapozuka swali linalotuhusu sisi tunaoadhimisha karne moja: mfadhili akizeeka au akichoka, nani ataendeleza? Jibu limo katika utaratibu ule wa mwaka 1965. Msaada wa mbali ulikuja juu ya msingi uliokwisha kuchimbwa na wenyeji. Taasisi zitakazodumu ni zile ambazo wenyeji wanaendelea kuzitolea, hata kidogo, kila mwaka. Kwani haba na haba hujaza kibaba.