Bustani za Kipupwe Katika Milima ya Ukinga

Kipupwe, yaani majira ya baridi na ukavu yanayoanza mwezi Juni na kuishia mwezi Agosti, huelezwa katika maandishi mengi ya Kiswahili kwa jicho la mtu wa pwani, ambaye upepo wa kusi humletea ubaridi wa kustarehesha na sababu ya kujifunika shuka usiku. Katika Ukinga, nchi ya milima iliyo wilayani Makete mkoani Njombe, majira hayo hayo yana sura nyingine. Bulongwa, iliyo upande wa milima ya Livingstone inayotelemka kuelekea Ziwa Nyasa, hupata asubuhi nyingi za ukungu mzito, na katika usiku usio na mawingu wala upepo mabonde yake huweza kutandwa na sakitu, yaani umande ulioganda juu ya majani na kuyafanya meupe hadi jua linapopanda. Mpita njia anayeona nyasi zilizogeuka rangi ya kahawia na mabua makavu yanayosubiri kuvunwa hudhani kwamba kilimo kimelala, na dhana hiyo imewaingia hata baadhi ya waandishi, ambao huanza hesabu ya mwaka na mvua ya kwanza na kuifunga na mavuno ya zao la mvua, kana kwamba miezi iliyobaki haikuwa na mkulima.

Bustani ya tangu zamani ya majira haya ni kinyungu, jina linalotumika katika mikoa ya Iringa na Njombe kwa kipande cha ardhi ya bondeni, kando ya kijito au palipoota matete, kinacholimwa baada ya mvua kukoma. Masika ya nyanda hizi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo sakafu ya bonde hujaa maji kupita kiasi hata mizizi ya mazao mengi ikaoza. Maji yakishapungua, udongo wake mweusi hubaki na unyevu wa kutosha kulea zao kwa miezi kadhaa, wakati miteremko ya juu imekwisha kukauka. Vipande hivi ni vidogo, aghalabu havifiki ekari moja, na kulimwa kwake ni kwa mkono na jembe: majani hufyekwa na kuachwa yanyauke, udongo hupinduliwa ukayafukia chini ya tuta, na kati ya tuta na tuta huachwa mfereji unaopunguza maji yaliyozidi na kuyashika yanapoanza kuadimika. Tuta hilo hufanya kazi tatu kwa pamoja, kwa sababu huinua mizizi juu ya maji, huyageuza magugu kuwa mbolea, na huwa na joto zaidi kidogo kuliko ardhi bapa iliyolowana. Mavuno yake, ambayo ni mahindi mabichi, maharage, viazi na mboga, huanza kuingia jikoni mwishoni mwa mwaka, wakati ghala limepungukiwa na shamba la masika ndiyo kwanza linapandwa.

Jembe lenyewe lina historia yake hapa. Wakinga walijulikana kwa uhunzi kabla ya ukoloni, na majembe yao, yaliyofuliwa kwa chuma cha milimani, yalishuka hadi kwa Wanyakyusa walioishi kaskazini mwa ziwa, ambako yalibadilishwa kwa mali nyingine na hata kupelekwa kama sadaka katika ibada za Lwembe, mfalme mtakatifu wa Wanyakyusa. Nchi yenye miteremko mikali na mabonde yaliyofungwa na mizizi ya matete isingeweza kulimwa kwa kijiti kilichochongwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu waliolima mahali pagumu kama hapo ndio waliokuwa mafundi wa chombo cha kulimia.

Ugumu mkubwa wa kinyungu, hata hivyo, hautokani na udongo. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, na usiku mtulivu huteremka taratibu kutoka vilimani na kutulia chini kabisa, ambako ndiko yaliko maji. Hivyo mahali penye unyevu wa kukuza zao ndipo sakitu hupiga kwanza na kwa ukali zaidi. Kutokana na mgongano huu zilizaliwa kazi ndogo ndogo ambazo ndizo hasa sanaa ya bustani ya kipupwe. Mimea dhaifu kama maharage na maboga huwekwa kwenye bega la bonde, hatua chache juu ya mkondo wa baridi, na kabichi, figiri na mboga nyingine ngumu huachiwa sakafu. Miche michanga hufunikwa jioni kwa nyasi kavu, kisha hufunuliwa asubuhi, wala si mapema mno, kwa sababu jani lililoganda likipigwa na jua ghafla huungua na kuwa jeusi. Mifereji huzibuliwa ili maji yasisimame, lakini haikaushwi, kwa kuwa maji yaliyopata joto la mchana hulirudisha polepole usiku. Majivu ya moto, ambao katika majira haya haukosekani nyumbani, humwagwa juu ya matuta. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayochukua siku nzima au kuhitaji kundi la watu, nayo bila shaka ni sababu mojawapo ya kutoandikwa: hesabu za kikoloni zilipenda magunia na ekari, na vitu vinavyobebwa kwa ungo havikupata safu katika majedwali yake.

Mwaka 1891 wamisionari wa Chama cha Misioni cha Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na mwaka 1895 wakafungua kituo cha Bulongwa, kikifuatiwa baadaye na Tandala. Watu hawa walitoka katika nchi ambayo bustani hulala chini ya theluji mwezi Desemba na Januari, na hapa walikuta Krismasi ikiangukia katikati ya mvua na magugu, na baridi ikija Juni na Julai bila kuua kila kitu. Mpangilio wao wa mwaka ulilazimika kupinduliwa. Kwa kuwa chakula cha Ulaya kilisafiri miezi mingi kabla ya kufika mlimani, vituo vya misheni katika nyanda hizi vilikuwa na bustani za mboga na miti ya matunda tangu mapema, na wakati wa ukoloni viazi mviringo na ngano, mazao yanayostahimili baridi, vilienea Ukinga hadi vikahesabiwa kuwa vya wenyeji. Mmoja wa wamisionari hao, Robert Wolff wa Tandala, alichapisha sarufi ya Kikinga mwaka 1905; kazi kama hiyo ilidai kukaa na wasemaji kwa muda mrefu, na ni haki kudhani kwamba elimu ya bustani ilipita katika mazungumzo hayo hayo kwenda pande zote mbili. Wanaosimulia historia ya misheni kama habari ya mwalimu mmoja na wanafunzi wengi husahau kwamba mgeni asiyejua usiku gani sakitu itashuka alikuwa na mengi ya kujifunza kutoka kwa jirani yake.

Miti ya matunda ilileta kazi ambayo Ukinga haukuwa nayo kabla. Mtofaa, mpea na mfyulisi ni miti inayopukutisha majani baridi inapokuja, na kipindi hicho cha uchi, ambapo umbo la matawi huonekana lote, ndicho cha kupogoa, yaani kukata matawi yanayosongamana, yaliyokufa au yanayokua kuelekea ndani ili mwanga na hewa vifike katikati ya mti. Mtofaa huhitaji saa nyingi za baridi ili vichipukizi vyake viamke kwa pamoja. Penye baridi haba, huchanua tawi moja leo na jingine baada ya mwezi. Ndiyo maana wakulima wa nyanda za juu za tropiki mara nyingine huyapukutisha majani kwa mkono ili kuulazimisha mti upumzike, na ndiyo maana pia aina zinazohitaji baridi kidogo, kama Anna iliyozalishwa Israeli na Dorsett Golden iliyopatikana Bahamas, zimepata nafasi zaidi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki kuliko zile za Ulaya ya kaskazini. Kilimo cha matofaa kinachotangazwa siku hizi Makete kama jambo jipya kina mizizi katika bustani hizo za kale za misheni.

Pareto, ua jeupe lenye moyo wa njano ambalo hukaushwa na kusagwa kutengeneza dawa ya wadudu, ni mfano mwingine wa baridi inayofanya kazi badala ya kuzuia kazi. Mmea huu ulianza kulimwa katika Nyanda za Juu Kusini katika miaka ya 1930, na thamani yake ilipanda wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale Japani, iliyokuwa muuzaji mkubwa, ilipotengwa na masoko ya Uingereza na Marekani. Pareto iliyopandwa katika nchi ya joto hutoa majani mengi na maua machache, kwa kuwa huhitaji mfululizo wa usiku wa baridi ili itunge vitumba vya maua. Kwa hiyo mashamba yaliyoonekana mabaya kwa mahindi yaligeuka kuwa mazuri kwa ua. Uchumaji wake ni wa vidole, ua baada ya ua, na hurudiwa kila baada ya wiki chache.

Urembo wa milima hii umepata sifa kubwa kwa upande wa masika. Uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,600 na unaopakana na nchi ya Wakinga, uliitwa na Wazungu Uwanda wa Elton, kwa jina la balozi mdogo wa Uingereza James Frederic Elton aliyeupita mwaka 1877 na kufariki mwishoni mwa mwaka huo huo. Mwaka 1899 Mjerumani Walter Goetze alikusanya mimea katika milima ya Ukinga kabla ya yeye pia kufariki, na spishi kadhaa bado zina jina lake. Uwanda huo wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ulifanywa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wageni hushauriwa kwenda kati ya Desemba na Aprili, maua yanapofunika nyasi. Ushauri huo ni sahihi kwa mwenye haraka. Lakini katika kipupwe okidi za ardhini, ambazo ni fahari ya uwanda huo, karibu zote zimo chini ya udongo katika umbo la viazi vidogo, na anayetaka kuelewa kwa nini zilikaribia kumalizwa na biashara ya chikanda, chakula cha Zambia kinachopikwa kwa viazi hivyo, lazima aelewe maisha hayo ya chini ya ardhi: kiazi kilichochimbwa ni ua la masika yajayo lililoondolewa. Juu ya ardhi hubaki nyasi zenye rangi ya dhahabu na maua makavu ya jamii ya helikrisamu, yasiyonyauka hata yakikatwa.

Bustani za mabondeni, tofauti na uwanda huo, hazikupata mlinzi. Katika karne ya ishirini wanaume wengi wa Ukinga walitoka kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, mashamba ya mkonge na baadaye biashara za mijini, na kinyungu kikabaki mikononi mwa wanawake, ambao kwa hakika ndio waliokuwa wakikitunza tangu awali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na umbali huo, katika bonde jembamba la mlimani, huweza kumeza bonde zima. Hoja ya kulinda vyanzo vya maji ni nzito, hasa mahali ambapo vijito hulisha Ziwa Nyasa upande mmoja na Ruaha Mkuu upande mwingine. Ila kipimo kimoja cha umbali hakitofautishi bonde lililokaushwa kwa mitaro mirefu na tuta dogo linaloacha maji yapite, na katika jambo hili sheria imekuwa butu.

Shajara na barua za wamisionari wa Berlin zimehifadhiwa Berlin, nazo zimesomwa sana kwa ajili ya historia ya Kanisa na ya utawala. Wanafunzi wa historia na kilimo wa vyuo vikuu vya Tanzania wazisome sasa kwa ajili ya bustani pia, na kabla ya kuzifungua waende kwanza Bulongwa mwezi Julai, wakaketi na bibi waliolima vinyungu miaka hamsini na kuwauliza, tuta kwa tuta, walipanda nini, wapi, na kwa nini.