Kiti kipi kinamfaa aliyeumia uti wa mgongo: cha kusukuma kwa mikono au chenye mota?

MTU anapoumia uti wa mgongo na miguu yake kupoteza nguvu, kazi yote iliyokuwa ya miguu huhamia mabegani. Bega, hata hivyo, halikuumbwa kubeba mwili kutwa, mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana uchaguzi wa kiti cha magurudumu si suala la starehe wala fahari. Ni uamuzi unaoweza kuathiri iwapo mhusika bado ataweza kujihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kitini miaka 20 baadaye, au atalazimika kusubiri kubebwa.

Viti hivi ni vya aina tatu kuu. Kuna kile cha kusukuma kwa mikono. Kuna kinachoendeshwa kwa umeme mtupu kupitia kijiti cha kuongozea. Na katikati yavyo kuna kile cha mikono kilichoongezewa mota ya kumsaidia msukumaji.

Kiti cha aina hii ya tatu hutazamwa kama cha kawaida, ila ndani ya kitovu cha kila gurudumu mna mota. Mtumiaji anaposukuma pete ya gurudumu, vitambuzi hupima nguvu aliyotumia, nayo mota huongeza msukumo kwa kadiri hiyo. Akiacha kusukuma, msaada hukoma. Aina nyingine ni kifaa kidogo chenye gurudumu moja kinachofungwa nyuma ya kiti na kukisukuma, huku mtumiaji akiongoza kwa mikono.

MAHALI PALIPOUMIA

Jambo la kwanza la kuzingatia ni sehemu ya uti iliyojeruhiwa. Aliyeumia juu kabisa shingoni, kwenye pingili ya nne au zaidi ya hapo, huwa hawezi kutumia mikono. Huyu huhitaji kiti cha umeme kinachoongozwa kwa kidevu, kichwa au pumzi.

Aliyeumia pingili ya tano aghalabu huhitaji kiti cha umeme pia, ingawa anaweza kujisukuma hatua chache kwenye sakafu laini. Wa pingili ya sita ana uwezo wa kukunja kiwiko lakini hana nguvu ya kukinyoosha, na vidole vyake havishiki. Yeye na wa pingili ya saba ndio wanaonufaika zaidi na mota ya kusaidia, hasa penye miinuko na safari ndefu.

Aliyeumia kifuani au kiunoni ana mikono kamili, na kwa kawaida kiti chepesi cha mikono humtosha. Hata hivyo, umri unaposonga, uzito unapoongezeka au bega linapoanza kuuma, naye huenda akahitaji msaada wa mota.

FAIDA NA GHARAMA

Utafiti umeonyesha mara kwa mara kwamba mota ya kusaidia hupunguza mapigo ya moyo, matumizi ya oksijeni na mzigo unaobebwa na bega wakati wa kusukuma. Tofauti na kiti cha umeme mtupu, mtumiaji huendelea kufanya mazoezi.

Lakini kila jema lina gharama yake. Kiti chepesi cha mikono huwa na uzito usiozidi kilo 15, ilhali magurudumu yenye mota huongeza takriban kilo 10 au zaidi. Viti vikubwa vya umeme hupita kilo 100. Anayesafiri kwa matatu anajua maana ya tofauti hiyo: kiti chepesi hukunjwa na kupakiwa na mtu mmoja, lakini kizito huenda kikaachwa kituoni pamoja na mwenyewe.

Aidha, betri huhitaji umeme wa kuaminika, na mvua na matope si marafiki wa mota. Tairi la kiti cha mikono likipasuka, fundi wa baiskeli atalitengeneza; fremu ikivunjika, fundi wa jua kali ataichomelea. Vitambuzi vikiharibika, mafundi ni wachache na vipuri huagizwa ng'ambo.

Isitoshe, mota haiwezi kurekebisha kiti kisichomtosha mtu. Kiti kipana mno hupanua mikono na kuumiza bega, na ekseli iliyowekwa nyuma sana huongeza uzito wa kusukuma. Mtumiaji afundishwe pia kusukuma kwa mkono mrefu, taratibu, badala ya kudonoadonoa pete.

Mto wa kukalia nao si pambo. Asiyehisi makalio yake anapaswa kupunguza mgandamizo kila baada ya dakika 15 hadi 30, ama sivyo vidonda vitamrudisha hospitalini. Asiyeweza kujiinua au kuinama huhitaji kiti kinacholala nyuma.

HAKI NA MSAADA

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu viti vya mikono mnamo 2008, na mwingine mpana zaidi mnamo 2023. Yote miwili inasisitiza kuwa mtu apimwe, arekebishiwe kiti, afunzwe na afuatiliwe, wala si kukabidhiwa kiti tu na kupigwa picha.

Nchini Kenya, kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupokea maombi ya vifaa hivyo.

Kabla ya kulipa au kupokea chochote, familia ipime upana wa milango, itazame njia ya kutoka nyumbani hadi barabarani, iulize ni nani atakayekitengeneza kiti kikiharibika, na imwombe mtaalamu wa tiba ya viungo ampime mgonjwa akiwa amekikalia. Fedha zikiwa chache, kiti chepesi cha mikono kilichorekebishwa vyema, pamoja na mto mzuri, ni bora kuliko chenye mota kitakachoegeshwa ukutani betri ikifa.