Mto Tana na Msururu wa Vituo Vitano: Historia ya Umeme wa Seven Forks

Mto Tana, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huanzia katika misitu ya milima ya Nyandarua na miteremko ya Mlima Kenya, na baada ya kupita nchi kavu ya mashariki kwa mwendo wa takriban kilomita 1,000 humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, karibu na Kipini. Sehemu fupi ya mwendo huo, pale mto unapoziacha nyanda za juu na kuteremka kwa kasi kati ya nchi ya Wambeere na nchi ya Wakamba, ndiyo iliyoipatia Kenya sehemu kubwa ya umeme wake kwa miongo kadhaa. Hapo, katika eneo liitwalo Seven Forks, kuna vituo vitano vya kufua umeme vinavyofuatana kutoka juu kwenda chini: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Anayevitazama kwenye ramani huweza kudhani kuwa vilijengwa kwa kufuata mkondo, lakini Kindaruma, kilicho cha nne katika mkondo, ndicho kilichotangulia, na Masinga, kilicho cha kwanza, kilijengwa cha nne. Mpangilio huo uliogeuka una sababu zake, na ndani ya sababu hizo mna sehemu kubwa ya historia yenyewe.

Kabla ya mabwawa hayo, umeme wa maji katika bonde la Tana ulikuwa kidogo sana. Kampuni ya East African Power and Lighting, iliyoundwa mwaka 1922, ilitegemea vituo vidogo kama Ndula, kwenye Mto Thika, na baadaye kituo kilichopewa jina la Tana lenyewe, ambavyo vyote vilitumia maji kwa kadiri mto ulivyoyaleta, bila hifadhi kubwa nyuma yake. Mahitaji ya Nairobi yalipopanda baada ya Vita vya Pili vya Dunia, suluhisho lilitafutwa nje ya mipaka: bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Uganda mwaka 1954, na kufikia mwishoni mwa muongo huo umeme wake ulikuwa ukisafirishwa hadi Nairobi kupitia Tororo. Kwa taifa lililopata uhuru mwaka 1963, kuendesha viwanda vyake kwa umeme wa jirani pekee hakukuwa msingi wa kutegemewa, na mwaka uliofuata ikaundwa Kampuni ya Maendeleo ya Mto Tana, iliyokabidhiwa kazi ya kuuendeleza mto wa nyumbani.

Kazi ilianzia Kindaruma, kituo kilichoanza kufanya kazi mwaka 1968 kikiwa na mitambo miwili yenye uwezo wa jumla ya megawati 40. Nguvu ya umeme wa maji hutokana na mambo mawili, yaani wingi wa maji yanayopita katika mtambo na kimo ambacho maji hayo huanguka. Kimo kilikuwapo tele katika eneo hilo, ila wingi wa maji haukuwa wa kuaminika. Mto Tana hufurika mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa vuli, kisha hupungua sana, na bwawa la Kindaruma ni dogo mno kuweza kuyabeba maji ya msimu mmoja hadi mwingine. Kamburu, kilichofuata mwaka 1974 mahali ambapo maji ya Mto Thiba huungana na ya Tana, kiliongeza megawati tisini na ushei.

Gitaru, kilichoanza kazi mwaka 1978, kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa uhandisi wake ni wa kupendeza kweli. Bwawa lake ni dogo kiasi kwamba mgeni huweza kulidharau, lakini jumba la mitambo limechimbwa ndani ya mwamba, chini ya ardhi, ambako maji hushuka kwa kimo cha zaidi ya mita 130, yakazungusha mitambo, kisha yakasafiri ndani ya handaki hadi kutokea karibu na bwawa la Kindaruma. Mtambo wa tatu ulipoongezwa mwaka 1999, uwezo wa Gitaru ulifika megawati 225, na kikawa kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini.

Hata hivyo, vituo vitatu vilivyojengwa mfululizo bila ghala la maji vilikuwa na udhaifu ule ule uliozidishwa mara tatu. Ndiyo maana wajenzi walilazimika kurudi juu ya mto, wakajenga Masinga, bwawa lililokamilika mwaka 1981 chini ya Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi. Kwa megawati 40 tu, Masinga huonekana kituo hafifu, na wengi wamekihukumu hivyo. Hukumu hiyo si ya haki. Bwawa hilo lilisanifiwa kubeba mita za ujazo milioni 1,560, na kila tone linaloachiliwa pale hutumika tena Kamburu, Gitaru na Kindaruma, na tangu mwaka 1988, Kiambere, kabla ya kuachwa liende zake. Kiwango cha maji ya Masinga, bwawa ambalo hujaa maji yakifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ni kipimo cha msururu mzima, na kila msimu wa mvua hutangazwa katika vyombo vya habari.

Kiambere kilileta umeme wa Tana hadi Pwani kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 iendayo Rabai, karibu na Mombasa. Kilileta pia uchungu, kwa kuwa maelfu ya watu walihamishwa kupisha bwawa, na kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya vijiji vilivyoendelea kuwasha vibatari.

Utegemezi wa ghala moja ulidhihirika wakati wa ukame. Mwaka 2000 maji yalipungua hadi nchi ikaingia katika mgao mkali wa umeme, na mwaka 2009 kituo cha Masinga kilifungwa kwa sababu ya uhaba wa maji. Adui wa kimyakimya zaidi ni mashapo, yaani udongo unaosombwa na mvua kutoka mashamba ya miteremkoni, ambao huzama katika maji yaliyotulia na kula nafasi ya maji yenyewe. Katika Masinga umejikusanya kwa kasi iliyozidi makadirio ya wasanifu. Mkulima wa Murang'a anayelima matuta shambani mwake anauhifadhi umeme wa nchi, ingawa ni nadra kuhesabiwa miongoni mwa wanaouzalisha.

Walio chini ya mto hawakuulizwa sana. Wapokomo walipanda mpunga na ndizi katika udongo ulioachwa na mafuriko, na Waorma waliteremsha ng'ombe wao hadi malisho ya delta wakati wa kiangazi, jamii zote mbili zikiishi kwa kufuata mapigo ya mto ambayo Masinga ilijengwa ili kuyatuliza. Mafuriko ya kawaida yamepungua, lakini yale makubwa hayajazuilika: mwaka 2024 mabwawa yote matano yalijaa na kumwaga maji, na nyumba nyingi za Garissa zikafunikwa.

Mipango ya kurefusha msururu bado ipo. Mmoja ni Karura, kati ya Kindaruma na Kiambere. Mwingine, mkubwa zaidi, ni High Grand Falls, ambao bwawa lake lingeizidi Masinga mara kadhaa. Chini ya Kiambere ndipo Mutonga, Kathita na mito mingine ya upande wa mashariki wa Mlima Kenya huingia Tana, ikileta maji na udongo ambao haujazuiliwa na bwawa lolote kati ya yale matano, na kwa kiasi kikubwa ni mito hiyo inayoyapa mashamba ya Wapokomo mafuriko yaliyobaki. High Grand Falls lingekaa mahali pa kuyapokea maji hayo pia, na kiasi cha mafuriko kitakachoachwa kipite, pamoja na miezi ya kuyaachilia, ni jambo la kukubaliana na watu wa delta kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.