Mkono wa Lincoln na Mipaka ya Sheria ya Pensheni

Tarehe 8 Aprili 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikikaribia kwisha, Rais Abraham Lincoln alizuru hospitali ya kijeshi ya City Point, Virginia, akawapa mkono maelfu ya majeruhi, wakiwemo wa jeshi la Kusini. Lakini huruma ya mtawala haipimwi kwa salamu pekee. Sheria ya pensheni aliyoitia saini tarehe 14 Julai 1862 iliwakumbuka walemavu wa vita, wajane, yatima, na hata mama na dada waliomtegemea marehemu. Waliopigania Kusini hawakuwamo. Majeruhi wao wa City Point walipata mkono wa Rais, si pensheni yake. Na baada ya wiki moja Lincoln mwenyewe alikuwa ameuawa.