Dundumio: Uamilifu Uliozidi na Kurudisha Mwili

Istilahi "haipathairoidi", yaani hali ya tezi ya shingoni kutengeneza homoni kupita kiasi, imeingia katika Kiswahili cha hospitali kwa utohozi, na ndani yake limo neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya "mfano wa ngao", ambalo daktari Mwingereza Thomas Wharton alilitumia mwaka 1656 kuipa jina tezi iliyo mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Kamusi za Kiswahili huiita tezi hiyo dundumio, neno linalostahili kutumiwa zaidi kuliko linavyotumiwa sasa, kwa kuwa linataja kiungo chenyewe, ilhali rovu, ambalo wengi hulikimbilia, ni jina la uvimbe tu. Mwenye rovu lililotokana na upungufu wa iodini, ambayo Watanzania huiita madini joto, anaweza kuwa na homoni pungufu, na mwenye homoni zilizozidi anaweza kuwa na shingo isiyoonyesha uvimbe wowote.

Tezi hiyo, ambayo kwa mtu mzima huwa na uzito wa takriban gramu 20, hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili kuunguza chakula. Zikizidi, mgonjwa hula vizuri na bado hukonda, moyo humwenda mbio, hutokwa na jasho huku wenzake wakijitanda kanga kwa baridi, na akinyoosha mikono, karatasi ikilazwa juu ya vidole vyake, ukingo wake hutetema hata pale ambapo jicho halikuona mtetemo vidoleni. Mara nyingi chanzo huwa ugonjwa wa Graves, ulioelezwa na Robert Graves wa Dublin mwaka 1835, ambamo kingamwili za mgonjwa mwenyewe huichochea tezi bila kukoma.

Kuitafsiri haipathairoidi kuwa "ziada ya homoni za dundumio" kunavutia kwa wepesi wake, lakini hakutoshi, kwa sababu ipo hali nyingine ambamo tezi iliyopata uvimbe wa ndani huvujisha homoni ilizokwisha kuzihifadhi, bila kutengeneza nyingine kupita kiasi. Damu ya wagonjwa hao wawili huonyesha ziada ileile, ila kabimazoli, dawa inayozuia utengenezaji, humfaa wa kwanza na haimsaidii wa pili. Kwa hiyo "uamilifu uliozidi wa dundumio", ingawa ni refu, ndilo jina linalostahili kushika nafasi ya haipathairoidi, na "ziada ya homoni" ibaki kuwa jina pana linalobeba hali zote mbili. Hata madini joto yenyewe yanaweza kuichochea tezi kupita kiasi: katika miaka ya 1990, huko Kivu, mashariki mwa Kongo, baadhi ya watu walioishi muda mrefu na upungufu walipata uamilifu uliozidi baada ya kuanza kutumia chumvi iliyotiwa madini hayo. Ndiyo sababu mgonjwa hashauriwi kujinunulia unga wa mwani, wenye madini joto mengi, kama kirutubisho.

Neno kunenepa nalo halifai kueleza kupona, kwani uamilifu uliozidi hula mafuta ya mwili pamoja na misuli na hudhoofisha mifupa, na vyote hivyo vinadai kurejeshwa. Wasemaji wa kawaida wana usemi ulio sahihi zaidi: kurudisha mwili. Chakula peke yake hakiwezi kuushinda moto wa homoni ambazo hazijatulizwa. Zikishatulia na mapigo ya moyo yakashuka, maharage, mayai, samaki na maziwa, pamoja na mazoezi ya nguvu yanayoongezwa kidogo kidogo kwa idhini ya daktari, hujenga misuli iliyopotea. Anayetumia kabimazoli akipata homa au maumivu ya koo anapaswa kuisimamisha na kupimwa damu siku hiyohiyo, kwa maana dawa hiyo, mara chache, huangusha chembe nyeupe za damu.

Hamu kubwa ya chakula huweza kubaki hata kasi ya kuunguza ikishapungua, na hapo uzito hupanda upesi kuliko inavyotarajiwa. Ukipanda pamoja na usingizi mzito, ngozi kavu na kuhisi baridi, huenda dawa imeishusha tezi kupita kiasi, na kinachorekebishwa kwanza, baada ya vipimo vya damu, ni dozi ya dawa kabla ya sahani ya chakula.