Mgeni Aliyetaka Kuona Historia ya Kisii

Mgeni akifika Mombasa unampeleka Fort Jesus. Kuta zimesimama pale tangu Wareno waanze kuzijenga mwaka 1593, na huna haja ya maneno mengi. Akifika Lamu, mji wenyewe unajieleza. Hata jirani zetu wa Migori wana Thimlich Ohinga, zile boma za mawe ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Sasa mgeni afike Kisii, ashuke garini, akuambie anataka kuona maeneo ya kihistoria. Utampeleka wapi?

Mimi niliulizwa swali hilo na mwalimu mstaafu kutoka Mysuru, kusini mwa India. Alikuwa ametoka Maasai Mara kuona nyumbu, akabaki na siku mbili kabla ya kupanda ndege Kisumu. Binamu yangu anaendesha gari la watalii, akampa namba yangu. Katika ukoo wetu mimi ndiye yule aliyeacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokwama na sasa "anaandika andika tu", kwa hivyo kazi yoyote inayohitaji mtu mwenye muda na Kiingereza huletwa kwangu. Nilikubali, kodi ya nyumba ilikuwa imefika.

Babu zetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Nyumba ikizeeka inarudi ardhini, mahindi yanapandwa juu yake. Hata ebisarate, zile kambi za ng'ombe walikolala vijana wenye silaha kulinda mifugo, hazikuacha ukuta. Serikali ya kikoloni ilizifuta karibu mwaka 1912 na 1913, maana vijana wengi wenye mikuki mahali pamoja walimkosesha DC usingizi. Kilichobaki ni majina ya mahali, na watu wanaojua palitokea nini. Ziara ya kihistoria Kisii ni ziara ya kusikiliza, na mama huyu alikuja na kamera kubwa shingoni.

Tulianza mjini. Katikati ya makanga, boda na mikungu ya ndizi, nilimwambia kwamba watu wa hapa bado wanapaita Getembe. Waingereza walifungua kituo chao hapa mwaka 1907 wakamweka ofisa kijana, Geoffry Northcote. Jina lilikataa kukaa mdomoni, watu wakamwita Nyarigoti. Jeshi lao lilikuwa limeshapita huku mwaka 1905, mikuki ikakutana na bunduki ya rashasha, kwa hivyo Nyarigoti hakufika kwa watu wasiojua bunduki ni nini. Walijua vizuri sana.

Januari 1908, akiwa katika nchi ya Wagetutu, kijana mmoja aitwaye Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki mgongoni. Simulizi zetu zinasema nyuma ya Otenyo alikuwepo Moraa, mganga na mtu wa maono, mama aliyewahimiza vijana wasiukubali utawala wa wageni. Northcote alipona. Lakini jeshi lilitumwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu.

Hapa kuna jambo ambalo hata wengi wetu tuliosoma Kisii hatukufundishwa. Ripoti za operesheni hiyo zilifika London, kwenye meza ya naibu waziri wa makoloni, Winston Churchill, ambaye miezi michache tu nyuma alikuwa Kenya akiwinda na kupanda treni. Ripoti zilisema watu 160 wameuawa, na upande wa Waingereza hakuna hasara mpya. Churchill akaandika kwamba hali hiyo inafanana na machinjo, na kwamba haiwezi kuwa lazima kuendelea kuua watu wasio na ulinzi kwa kiasi hicho. Akaongeza wasiwasi mwingine: Bunge la Uingereza likisikia, mipango yao yote ya Afrika Mashariki itaingia doa. Soma mara mbili. Mtu huyo huyo, kwenye karatasi hiyo hiyo, anaona damu na pia anaona aibu ya chama chake.

Tukasimama nje ya uwanja wa Gusii. Vijana wanaujua kwa sababu ya Shabana, na siku ya mechi "Tore Bobe" inasikika mpaka sokoni. Wazee wanaujua kwa sababu nyingine. Wanasema hapa ndipo Otenyo alipopigwa risasi mbele ya watu. Familia yake inasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na wanataka kirudi, kama Wanandi wanavyodai kichwa cha Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Richard Meinertzhagen Oktoba 1905. Fimbo za Koitalel zilirudishwa mwaka 2006. Kichwa bado kinadaiwa.

Mgeni wangu alishusha kamera. "Ushahidi uko wapi?" akaniuliza. Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mwalimu anayetaka kuona hesabu ilivyofanywa.

Nikampangia hivi. Mkuki, jeraha la Northcote na watu 160 viko kwenye karatasi za Waingereza wenyewe. Moraa, na uwanja kama mahali pa kifo, tumevipokea kwa mdomo. Kichwa ni dai la familia. Vitu hivi vitatu havina uzito sawa, na mtu anayevichanganya anawapa wapinzani wetu kazi rahisi. Lakini pia kumbuka ni nani aliyekuwa na karani siku ile. Jeshi lina tabia ya kuhesabu ng'ombe kwa makini kuliko maiti, na mambo ambayo lingependa yasisikike Bungeni haliwezi kuyaandika kwa wino mzito. Mdomo wa mzee si sawa na faili, na faili nayo ina mdomo wa mtu.

Kisha nikamwambia Northcote aliishia wapi. Alipanda cheo, akawa gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Mwaka 1939 kilifunguliwa huko chuo cha ualimu ambacho baadaye kilipewa jina lake. Mwalimu wangu alicheka kidogo, ile ya kukosa la kusema. Maelfu ya walimu wa Hong Kong wamebeba kwenye vyeti vyao jina la mtu aliyebeba kovu la mkuki wa Kisii.

Mchana tulipanda Manga, upande wa Nyamira. Wengi huenda pale kupiga picha, na sikulaumu: ukingo umesimama kama ukuta, chini mashamba yamekatwa vipande vipande, na siku isiyo na ukungu unaliona ziwa kwa mbali. Jirani mmoja alituitia mzee. Nikamsalimu, "Bwakire buya, omogaka," naye akaitikia akitafuta kivuli cha kukaa. Alinyoosha fimbo kuelekea tambarare za Kano na kueleza jinsi Abagusii walivyotoka huko wakapanda milimani. Msururu huo huo, ukoo kwa ukoo, ndio Profesa William Ochieng' aliukusanya kwa wazee wa wakati wake na kuchapisha kitabu mwaka 1974 kuhusu Gusii kabla ya ukoloni. Kwa hivyo mtu asikuambie kwamba habari za mdomo hazifai chuoni. Zimeshakuwa kitabu.

Mzee alizungumza Kiswahili na Ekegusii, mimi nikitafsiri. Tulipofika kwa Otenyo alinishika mkono. "Hapo kwa kichwa, mwanangu, unamwambia wa nini? Atacheka."

Nilimwambia, "Ameshauliza, omogaka. Hakucheka."

Akamgeukia. "Mama, na kwenu walifanya hivi?"

Yule mama alifikiri kwanza. Akasema Mysuru ilikuwa na mtawala aitwaye Tipu Sultan, aliyepigana na Waingereza mpaka wakamuua ndani ya mji wake, Srirangapatna, mwaka 1799. Walichukua mali zake. Kimojawapo ni sanamu ya mbao ya chui milia anayemrarua askari wa Kizungu, na leo iko London, kwenye jumba la makumbusho la Victoria na Albert. Ameiona kwa macho yake. Alisimama mbele ya kioo pamoja na watoto wa shule wa Kiingereza waliokuwa wakichekelea mdomo wa chui.

Nilitafsiri yote. Mzee alikaa kimya, kisha akasema, "Basi nyinyi mna nafuu. Mnajua chui wenu analala wapi."

Sikuwa na haraka ya kutafsiri hilo. Nilipolitafsiri, yule mama alitoa kidaftari akaandika, na hakuuliza tena habari ya ushahidi. Wala sidhani mzee alikuwa amemshinda hoja. Alimwonyesha tu kwamba kuuliza swali la ushahidi ni rahisi kwa mtu ambaye kitu chake kiko kwenye kioo chenye namba na maelezo.

Tukirudi tulipitia Nyabururu, ambako mapadri wa Mill Hill walianzisha misheni mwaka 1911. Miaka mitatu baadaye Wajerumani waliingia kutoka Tanganyika, na Septemba 1914 wakapigana na Waingereza hapa Kisii. Kapteni Thorneycroft wa King's African Rifles aliuawa. Majeshi yote mawili yalipojiondoa, watu waliona utawala umekwisha. Mji ukaporwa, na misheni vilevile. Wengine walikumbuka nabii Sakawa, ambaye inasemwa alitabiri kuja kwa Wazungu na pia kuondoka kwao. Waingereza wakarudi wakiwa na adhabu mkononi, na muda si mrefu vijana wa hapa wakachukuliwa kubeba mizigo ya vita ambayo haikuwa yao. Imani ya Mumbo, iliyotoka upande wa Wajaluo kuanzia 1913, ikashika hapa kwa nguvu kwa sababu iliahidi jambo moja: Wazungu wataondoka. Serikali iliwatuma viongozi wake uhamishoni Lamu. Ndiyo, Lamu ile ile ambayo leo watu wanaenda honimuni.

Siku ya pili tulishuka Tabaka, na hapo mambo yaligeuka. Mimi nikawa mwanafunzi. Wanaume wanachimba jiwe la sabuni shimoni na kulichonga kwa panga, patasi na visu. Wanawake wanakaa na mabeseni ya maji, wanasugua kwa msasa mpaka jiwe ling'ae. Kuna jeupe, la waridi na la kijivu. Mgeni alichukua kipande, akakikwaruza kwa ukucha, akatabasamu kama aliyekutana na jamaa yake. Mahekalu ya Belur na Halebidu, saa chache kutoka kwao, yamechongwa kwa jiwe la aina hiyo tangu karne ya 12. Jiwe hilo ni laini likitoka ardhini, akasema, ndiyo maana mafundi wa Hoysala waliweza kuchonga hata shanga za mkufu wa mchezaji ngoma. Mahekalu hayo yaliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2023.

Fundi mmoja alisikiliza tafsiri yangu huku mikono yake haijasimama. "Kwao jiwe linakaa," alisema. "La kwetu linapanda ndege." Alikuwa sahihi. Tembo, mabakuli na sahani za Tabaka zinasambaa duniani, mara nyingi bila jina la aliyechonga. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa hapa, ni mmoja wa wachache ambao majina yao yalisafiri pamoja na jiwe: ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Wengine wengi unawaona tu kwenye rafu za uwanja wa ndege, chini ya bei.

Tangu siku hizo nimekuwa nikifikiria orodha ya watu waliokuja kututazama. Miaka ya 1955 hadi 1957, Robert na Barbara LeVine waliishi Gusii wakichunguza jinsi watoto wanavyolelewa, wakakipa kijiji jina la bandia, Nyansongo. Ulikuwa mradi wa jamii sita za dunia, na mojawapo ya hizo nyingine ilikuwa ya India, Khalapur. Mwaka 1979 Sarah LeVine alitoa kitabu kuhusu maisha ya wanawake wa Kigusii. Kazi hizo zina thamani, na siwezi kuzichoma kwa hasira. Ila ukitaka kujua bibi yako alikuwa akiogopa nini miaka ya sabini, huenda utasoma kwanza kwa Kiingereza cha mgeni, na hilo si kosa la mgeni peke yake. Yeye alikuja akauliza. Sisi tulikuwa tunaishi nao, hatukuuliza.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Disemba ukipanda gari kwenda nyumbani, iwe Nyamira, Ogembo au Keroka, beba simu iliyojaa chaji. Keti na mtu mmoja mzee. Usimwombe historia ya Abagusii, hiyo ni kubwa mno. Mwulize mlima ule uliitwaje kabla ya shule kujengwa, nani alichukuliwa vitani, ng'ombe wa nani walienda. Rekodi. Andika jina la anayesimulia, jina la aliyemsimulia yeye, mahali mlipokaa na tarehe. Akisema "nasikia," andika "nasikia." Akisema "niliona," andika "niliona." Siku familia ya Otenyo itakapoketi tena mbele ya maofisa na kuulizwa swali alilouliza yule mwalimu, tofauti kati ya maneno hayo mawili itawafaa kuliko hasira yetu sote mtandaoni.